Kifaa cha USB Kisipofika Ndani ya Mashine Pepe: Kumtafuta Aliyekishika

Hapa Lubumbashi, mtu huanzisha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa, inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta ya kweli) kwa sababu ana programu ya zamani asiyoweza kuiacha. Huenda ni programu ya mizani ya malori iliyoandikwa enzi za Windows XP, au ya uhasibu inayodai ufunguo wake wa USB kabla ya kufunguka, au ya kifaa cha maabara ambacho aliyekiuza hatoi tena draiva mpya. (Draiva ndiyo ile ambayo mafundi wetu, kwa kufuata Kifaransa, huiita piloti.) Kompyuta iliyobeba programu hiyo imekufa, nyingine imenunuliwa, na Windows ya zamani imewekwa ndani ya mashine pepe. Programu inafunguka vizuri. Kisha mtu anachomeka waya wa USB, na hakuna kinachotokea.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza kutafuta tatizo mwishoni mwa njia, yaani ndani ya mashine pepe, kwa kufuta draiva na kuiweka upya mara tatu au nne, ilhali kifaa chenyewe hakijafika huko. Kifaa cha USB huwa na mmiliki mmoja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta mwenyeji, ile unayoweza kuishika kwa mkono, ikiwa imekikamata, mashine pepe haikipati. Na mashine pepe ikikichukua, mwenyeji hukipoteza kana kwamba kimechomolewa. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani amekishika sasa hivi, na swali la draiva huja baadaye sana.

VirtualBox, mojawapo ya programu za kuendesha mashine pepe, hujibu swali hilo waziwazi kwa amri hii, ambayo hutolewa kwenye kompyuta mwenyeji:

VBoxManage list usbhost

Kila kifaa huorodheshwa pamoja na namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa na hali yake ya sasa. Neno Available maana yake kifaa hakina anayekitumia na kinaweza kukabidhiwa. Busy maana yake mwenyeji anakitumia, lakini huenda akakiachia akiombwa, wakati Unavailable maana yake mwenyeji amekishika na hataki kukitoa. Held maana yake VirtualBox imekwisha kukichukua kutoka kwa mwenyeji ila haijakipeleka kwenye mashine yoyote. Captured maana yake kimo ndani ya mashine pepe fulani, na kama si ile unayoitazama, basi tafuta mashine nyingine iliyoachwa imewashwa nyuma ya dirisha. Nimewahi kukuta mashine mbili zenye kichujio kimoja (kanuni inayoiambia VirtualBox ikamate kifaa fulani yenyewe), na ile iliyowashwa kwanza ndiyo iliyokuwa ikichukua kifaa kila asubuhi.

Kabla ya kugusa mashine pepe

Hakikisha mwenyeji mwenyewe anakiona kifaa. Kwenye Linux tumia amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, na kwenye Windows (hapa kwetu iko kwa Kifaransa) fungua Gestionnaire de périphériques, yaani Device Manager. Kifaa kisipokuwapo hapo, hakuna mpangilio wa mashine pepe utakaokileta. Badilisha waya, badilisha tundu, kisha soma ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa sudo dmesg. Mstari unaosema device descriptor read/64, error -71 huashiria kwamba mazungumzo ya umeme kati ya kompyuta na kifaa yamevurugika, na kwa kawaida chanzo ni waya mbovu, tundu lililolegea au umeme usiotosha. Namba -110 maana yake kompyuta imesubiri jibu mpaka muda umekwisha.

Hapo hapo kwenye lsusb, andika namba mbili za kifaa kwenye karatasi, kwa sababu utazihitaji mpaka mwisho. Waya wa kubadilisha RS-232 (tundu la serial la zamani) kuwa USB wenye chipu ya CH340 huonekana kama 1a86:7523, ule wa FTDI FT232 kama 0403:6001, na ule wa CP210x kama 10c4:ea60.

Orodha ya vifaa ni tupu

Ukifungua menyu ya VirtualBox ya Périphériques (Devices), kisha USB, ukakuta hakuna chochote ilhali lsusb inaonyesha vifaa vyote, na kompyuta mwenyeji ni Linux, basi karibu kila mara tatizo ni kundi la watumiaji. VirtualBox huwaruhusu kugusa vifaa vya USB wale tu waliomo katika kundi la vboxusers:

sudo usermod -aG vboxusers $USER

Baada ya amri hiyo ni lazima utoke kabisa kwenye akaunti yako na kuingia tena, kwani kufunga dirisha la VirtualBox na kulifungua upya hakusaidii. Amri ya id itakuonyesha kama kundi jipya limekubalika. Watu wengi huacha hatua hii katikati, wakaamini kwamba ushauri wenyewe ulikuwa mbovu.

Kwenye mwenyeji wa Windows, VMware, programu nyingine ya mashine pepe, hutegemea huduma iitwayo VMware USB Arbitration Service, na huduma hiyo ikiwa imezimwa, orodha huwa tupu vilevile. VMware pia huficha kwa makusudi vifaa vya aina ya kibodi na panya, ili usije ukajinyima njia ya kuiendesha kompyuta. Tatizo ni kwamba baadhi ya visoma-msimbopau na funguo za leseni hujitambulisha kama vifaa vya aina hiyo. Ili vionekane, ongeza mstari huu kwenye faili ya .vmx mashine ikiwa imezimwa:

usb.generic.allowHID = "TRUE"

Kinaonekana, lakini kinakataa kukabidhiwa

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na mimi mwenyewe nimewahi kuupoteza.

Niliitwa kwenye kituo kimoja cha kupimia malori, kandokando ya barabara iendayo Kasumbalesa. Kwenye kisoma-uzito cha mizani, tarakimu nyekundu zilikuwa zimetulia kwenye 38 460, huku dirisha la programu ndani ya mashine pepe likiandika 00000. Nje lori lilikuwa limesimama juu ya sahani ya mizani, injini ikinguruma, na shoferi ameegemeza kiwiko dirishani. Kijana wa zamu akaniambia, “Papa, iko inaonyesha zero tu, toka asubuhi.” Nilitumia karibu nusu saa ndani ya Windows XP, nikifuta draiva ya CH340 na kuirudisha, kabla sijauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ni nini kilichobadilika tangu jana? Jibu likawa kwamba jana jioni kompyuta mwenyeji ilipandishwa hadi Ubuntu 22.04.

Kwenye mwenyeji, lsusb ilikionyesha kifaa kama kawaida, lakini VirtualBox ilisema Busy, na kila nilipojaribu kukikabidhi nilirudishiwa ujumbe kwamba kifaa kina shughuli. Jibu lilikuwa ndani ya dmesg:

usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1

Programu ya brltty huhudumia vifaa vya maandishi ya Breli vinavyotumiwa na wasioona. Kwa kuwa kuna kifaa cha Breli chenye namba ileile ya 1a86:7523, kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoamua la kufanya kifaa kinapochomekwa) iliyokuja na Ubuntu 22.04 ilidhani kwamba waya wetu wa mizani ni kifaa cha Breli, ikaukamata kila ulipochomekwa. Niliiondoa programu hiyo, nikachomoa waya na kuuchomeka tena, na uzito ukaonekana kwenye programu:

sudo apt remove brltty

Kama kwenye kompyuta hiyo kuna mtu asiyeona anayeitegemea brltty, usiiondoe. Nakili faili ya 85-brltty.rules kutoka /usr/lib/udev/rules.d hadi /etc/udev/rules.d, kisha ndani ya nakala hiyo uizime mistari inayotaja namba ya kifaa chako peke yake.

Mkamataji mwingine wa aina hii kwenye Linux ni ModemManager, ambayo hupenda kuzungumza na kila kifaa kinachofanana na modemu ili kujua kama ni modemu kweli. Kwa flashi na diski za nje, mkamataji ni mfumo wenyewe wa mwenyeji, unaofungua diski mara tu inapochomekwa. Itoe kwanza kwa njia ya kawaida ndipo uikabidhi. Ukiinyakua ikiwa imefunguliwa, mwenyeji huona kana kwamba imeng'olewa ghafla, na data iliyokuwa bado haijaandikwa hupotea.

Kimeingia, lakini Windows ya ndani haikitambui

Sasa hali inasema Captured, na mashine pepe ndiyo inayolalamika. Kabla ya draiva ya kifaa chenyewe, angalia kidhibiti cha USB ulichokichagua katika mipangilio ya mashine. Windows 7 haina draiva ya kidhibiti cha USB 3.0 ndani yake, na Windows XP haina vilevile. Ukichagua USB 3.0 kwa mashine hizo, kifaa hufika mlangoni na hakuna wa kukifungulia. Chagua USB 2.0. Usihofu kwamba mizani itakuwa polepole: chipu ya CH340 haizidi kasi ya megabiti 12 kwa sekunde, ambayo hata USB 1.1 huifikia.

Katika VirtualBox za kabla ya toleo la 7.0, lililotoka mwaka 2022, vidhibiti vya USB 2.0 na 3.0 havikuwamo ndani ya programu ya msingi. Vilikuja na Extension Pack, ambayo ilipaswa kuwa ya toleo lilelile la VirtualBox yenyewe. Tangu 7.0 vimo ndani tayari. Mtu anayetumia 6.1 kwenye kompyuta ya zamani bado ataihitaji nyongeza hiyo, na aliyepandisha VirtualBox bila kupandisha nyongeza hiyo atakuta mashine iliyowaka jana haiwaki leo.

Kama mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, ni Linux, kifaa kinaweza kuwa kimefika salama kama /dev/ttyUSB0 na programu bado ikanyimwa ruhusa, kwa sababu mtumiaji hayumo kwenye kundi la dialout. Ikumbukwe pia kwamba brltty na ModemManager zinaweza kuwa ndani ya mgeni, wala si kwa mwenyeji tu.

Kinafanya kazi mpaka umeme ukatike

Dalili hii naiita ya kwetu, kwa kuwa vitabu vilivyoandikwa mahali ambapo umeme haukatiki huigusa kwa mstari mmoja. Asubuhi kila kitu ni kizima. SNEL, shirika letu la umeme, inakata umeme, kompyuta ndogo inaendelea kwa betri yake, au ya mezani inaendelea kwa ondileri (UPS), na mashine pepe haijui lolote. Lakini kifaa kilichounganishwa kwa habu yenye umeme wake kimezimika. Umeme unaporudi kifaa kinawaka tena, lsusb inakiona, ila programu ndani ya mashine pepe imebaki kimya.

Sababu ni kwamba kila mara kifaa kinapojitokeza upya, kerneli hukipa namba mpya ya kifaa. Kilichokuwa Bus 001 Device 005 sasa ni Bus 001 Device 006, hata kama hakuna mkono uliokigusa. Mashine iliyoambiwa ikichukue kile cha namba 5 itaendelea kukingoja mpaka jioni.

Kwenye VirtualBox, kumkabidhi mgeni kifaa kwa kubofya menyu hudumu mpaka kifaa kitakapokatika. Kinachodumu ni kichujio. Fungua mipangilio ya mashine, nenda USB, uongeze kichujio chenye namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, uache sehemu nyingine tupu. Kila kifaa hicho kitakapojitokeza mashine ikiwa imewaka, VirtualBox itakikamata yenyewe.

Kwenye QEMU, programu ya mashine pepe ya Linux, inayoendeshwa moja kwa moja, na kwenye Proxmox iliyojengwa juu yake, kutaja namba hizo mbili kunatosha, kwa kuwa QEMU huendelea kukitafuta kifaa na kukirudisha kinapoonekana:

qm set 100 -usb0 host=1a86:7523

Libvirt, ambayo husimamia mashine pepe za QEMU, pamoja na virt-manager, dirisha lililo juu yake, huwachanganya wengi. Hata ukiandika namba ya mtengenezaji na ya bidhaa ndani ya XML, kwa kawaida libvirt huzitafsiri kuwa namba ya basi (ile Bus ya lsusb) na ya kifaa wakati mashine inapowashwa, kisha hushikilia tafsiri hiyo. Kifaa kikikatika na kurudi, inabidi ukitoe na kukirudisha kwa mkono, au kwa skripti fupi inayoitwa na kanuni ya udev:

virsh detach-device bascule usb-mizani.xml
virsh attach-device bascule usb-mizani.xml

Neno bascule hapo ni jina la mashine pepe, nayo faili ya usb-mizani.xml ina kipengele cha hostdev cha kifaa hicho peke yake.

Pale penye nyaya mbili za CH340, tuseme moja ya mizani ya kuingilia na nyingine ya kutokea, namba za mtengenezaji na bidhaa hazitoshi tena, kwa kuwa nyaya hizo hufanana kabisa na chipu hiyo kwa kawaida haibebi namba yake ya pekee. Hapo tofautisha kwa tundu: kwenye Proxmox andika host=1-2 badala ya namba za kifaa, ambapo 1 ni basi na 2 ni tundu. Kisha bandika karatasi juu ya kila tundu. Nasema hivyo bila utani, maana mfagiaji akichomoa nyaya zote mbili na kuzirudisha kinyume, malori yanayoingia yataandikwa kuwa yanatoka.

Modemu na simu zinazobadili namba

Modemu nyingi za intaneti hujitambulisha kwanza kama diski ndogo yenye programu ya kusakinisha, kisha zikipewa amri hubadilika kuwa modemu. Huawei E3372, kwa mfano, huanza kama 12d1:1f01 na kuishia kama 12d1:14dc. Kichujio kilichotaja 1f01 hupoteza kifaa mara tu kinapobadilika, na mtumiaji huona modemu ikiingia kwenye mashine pepe na kutoka baada ya sekunde chache. Tengeneza kichujio chenye 12d1 peke yake, sehemu ya bidhaa ikiwa tupu.

Fundi wa simu atakutana na jambo lilelile wakati wa kubadilisha mfumo wa simu ya Android. Ikiwaka kawaida ina namba moja, ikiingia fastboot (hali ya kuandikia mfumo) ina nyingine, na mara nyingi hata namba ya mtengenezaji hubadilika kuwa 18d1, ambayo ni ya Google. Weka vichujio viwili kabla ya kuanza, kwa sababu simu inayotoweka katikati ya kuandikiwa mfumo inaweza isirudi.

Kinakatika-katika

Hapa usifanye haraka kuilaumu mashine pepe. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na habu isiyo na umeme wake hugawanya kiasi hicho kwa vifaa vyote vilivyoshikwa nayo. Diski ya nje pamoja na modemu kwenye habu moja ya bei nafuu ni ugomvi tayari.

Kama umeme unatosha, zima usingizi wa kuokoa nishati. Kwenye Linux kipimo cha kawaida ni sekunde 2 za ukimya kabla kifaa hakijaweza kulazwa, na kuongeza usbcore.autosuspend=-1 kwenye mstari wa kuwashia kerneli huondoa jambo hilo. Kwenye Windows mwenyeji, tafuta katika mipangilio ya umeme pale palipoandikwa Paramètre de la suspension sélective USB (USB selective suspend), uizime. Kumbuka kuizima ndani ya Windows ya mgeni pia.

Kamera ni habari nyingine. Picha zake husafiri kwa mtiririko usiosubiri kurudiwa, na kukabidhi kifaa kizima mara nyingi huleta picha zilizokatika au kioo cheusi. VirtualBox ina njia ya pembeni kwa kamera, kupitia Extension Pack, nayo hufanya kazi vizuri zaidi.

Pale ambapo kukabidhi si jibu

Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, haina njia ya kukabidhi kifaa chochote cha USB moja kwa moja kama wengine walivyo nayo, kwa hiyo usipoteze siku nzima ukitafuta menyu isiyokuwapo. Kwa WSL 2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, kuna usbipd-win, ambayo hupitisha USB kwa njia ya mtandao wa ndani.

Kwa mizani na vifaa vingine vya RS-232, mimi sasa huacha kabisa kukabidhi USB. Mwenyeji anabaki na waya wake pamoja na draiva yake, na mashine pepe inapewa tundu la serial tu: kwenye mipangilio ya VirtualBox, chini ya ports série (Serial Ports), washa COM1, chagua hali ya périphérique hôte (Host Device), na uandike /dev/ttyUSB0 kama njia. Windows XP huona COM1 ya kawaida, haihitaji draiva yoyote ya CH340, na haijui hata kama kuna USB. Sharti ni kwamba mtumiaji awe kwenye kundi la dialout, na kwamba waya uwe umechomekwa kabla ya kuwasha mashine, la sivyo itagoma kuwaka. Flashi nazo ni nafuu kuzipitisha kwa folda ya pamoja, na printa kwa mtandao.

Njia ya mwisho, kwa ufunguo wa leseni unaokataa kila kitu kingine, ni kumkabidhi mgeni kidhibiti kizima cha USB kama kadi ya PCI, kwa KVM na vfio, zana za mashine pepe zilizo ndani ya kerneli ya Linux. Inahitaji VT-d (ya Intel) au AMD-Vi, yaani uwezo wa kumkabidhi mgeni kifaa kizima, iwashwe kwenye BIOS, na kidhibiti kiwe katika kundi lake la IOMMU (kundi la vifaa vinavyokabidhiwa kwa pamoja) bila kuchanganyika na vifaa vingine. Matundu yote ya kidhibiti hicho humwendea mgeni kwa pamoja, kwa hiyo kabla ya kuiwasha mashine hiyo, tazama kwa lsusb -t kibodi yako iko kwenye kidhibiti kipi. Nimewahi kuizima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha umeme, kwa sababu kibodi ilikuwa imekwenda upande wa pili pamoja na ufunguo.